Gari Lililoshikwa na Baridi Lodwar

Jumatatu, 7 Julai

Gari limekataa kuwaka. Mbele ya jirani zangu wote na mbuzi wao! Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kuongea kwa sauti ya mgonjwa. Ukatoka moshi mweupe kidogo, kama wa sigara ya mtu anayewaza. Kisha kimya.

Wiki mbaya ya kukataa. Jumamosi Akai anaolewa. Akai ni binti wa dada yangu Abei. Baba yake alifariki Akai akiwa hajaota meno, nikamlea mimi, na mimi ndiye nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani saa nne. Gauni lake linashonwa Kakuma na mama Eugénie, fundi Mkongomani ambaye... (Hapa nimesita, kalamu mdomoni, nikatazama mawingu mawili juu ya kilima. Moja lilifanana na bega lake.) Lesi ya gauni inatoka Kampala na itafika Ijumaa. Kibali cha mama Eugénie cha kutoka kambi ya wakimbizi kinaanza Jumamosi. Kwa hiyo lazima achukuliwe Kakuma alfajiri ya Jumamosi, yeye na gauni, aje amvishe Akai kwa mikono yake na kupunguza panapopwaya.

Jirani yangu Epuyo alijitolea kumleta. Ana kigari cha petroli kinachowaka kikitazamwa tu. Nilimkatalia mbele ya watu. Nikasema ukoo wetu una gari lake.

Ukweli nauandika hapa tu. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni mwendo wa saa mbili. Saa mbili! Mimi kwenye usukani, mama Eugénie kando yangu, gauni limelala nyuma kama mtoto mchanga, jua linachomoza upande wetu. Mjane na mseja. Lami nyororo. Nani angempa Epuyo saa mbili kama hizo?

Mchana, jua likiwa utosini, nikajaribu tena bila matumaini. Likawaka mara moja! Likanguruma kama ngamia dume. Uamuzi wangu: gari si gonjwa. Ni vivu la asubuhi. Hata mimi ni hivyo.

Jumanne, 8 Julai

Limekataa tena. Dada Abei alitoka na kikombe chake cha chai, akasikiliza, akauliza ni gari gani hilo linaloshikwa na baridi Lodwar, mahali ambapo kuku hutaga mayai yaliyochemka.

Epuyo akaegemea ua wangu bila kualikwa. Akasema hizo ni hita plagi. Nilimjibu kwamba najua. Sikujua. Nikaenda kando ya mto Turkwel, kivulini mwa mikoma, nikasoma kwenye simu ili niwe nimejua tangu zamani.

Kumbe ni jambo zuri sana! Petroli huwashwa na cheche. Dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya injini mpaka ipate joto, na joto hilo ndilo linaloiwasha dizeli. Sasa asubuhi chuma kimepoa, joto halitoshi. Ndipo vile viplagi, kimoja kwa kila silinda, hupewa umeme vikawa vyekundu kama makaa, vikapasha chumba kwanza. Vikifa, injini ni jiko lisilo na kaa la kuanzia. Hata Lodwar, alfajiri, chuma hupoa.

Nikaiweka simu kifuani. Jiko lisilo na kaa la kuanzia! Nikawaza miaka yangu yote bila mke. Maji ya Turkwel yalikuwa machache, yakipita polepole kama watu wasio na shughuli. Nikasinzia. Nikaota naendesha gari juu ya mchanga, magurudumu hayagusi chini, na sauti ya kike inaniambia niongeze mwendo. Niliamshwa na mbuzi akila kofia yangu.

Lakini nimeamka na mpango. Ikiwa shida ni joto, joto lipo. Jiko la makaa chini ya injini! Blanketi juu ya boneti! Kesho.

Jumatano, 9 Julai

Blanketi lilikuwa la Abei. Limeungua pembe moja. Kubwa kiasi, hiyo pembe.

Nililiweka jiko chini ya gari mapema, nikafunika boneti, nikaingia kwenye kiti nisubiri joto lipande. Kukawa na utulivu wa ajabu. Anga lilikuwa rangi ya ndani ya chaza. Sijawahi kuona chaza, lakini nadhani. Nikafumba macho, nikamwona mama Eugénie ananiuliza kama sijachoka kuendesha, na mimi namjibu kwamba barabara hii ningependa isiishe. Nikafumbua macho. Dirishani palikuwa na uso wa Epuyo. Aliniuliza gari linaatamiwa kwa muda gani kabla ya kuangua.

Ndipo nikasikia harufu ya blanketi.

Injini ilipata joto sehemu za chini tu, kama mtu aliyeota moto kwa magoti. Haikuwaka.

Basi, dawa ya kweli. Nimenunua hita plagi mpya, seti nzima. Nimezifunga kwa mkono wangu. Spana niliiazima kwa Epuyo kupitia Abei ili asijue ni ya nini. Alinirudishia salamu kwamba plagi nisizikaze kama nakaza lori, zitakatika.

Nimefungua ufunguo ili nijaribu. Kwenye dashibodi kikawaka kile kitaa cha manjano chenye umbo la mkia wa nguruwe, kinachosema plagi zinapashwa. Kikazimika kwa adabu, kama inavyotakiwa. Kitaa kimeshuhudia! Nimempigia mama Eugénie nikamwambia Jumamosi iko vilevile. Akauliza kama gari ni zima. Nikasema ni zima kama yai.

Jumamosi, njoo!

Alhamisi, 10 Julai

Halikuwaka.

Plagi mpya! Kitaa kimewaka! Gari lile lile, kimya kile kile. Nilibaki nimeshika usukani, natazama kunguru juu ya mlingoti. Kunguru akanitazama mimi. Yeye ndiye aliyeondoka kwanza.

Nikafikiri kwa mpangilio. Plagi ni nzuri. Kitaa ni kizuri. Basi umeme unapotea njiani. Fundi wa kawaida angeutafuta unapopotelea. Mimi nikaona njia fupi: kwa nini nisiupeleke umeme moja kwa moja? Waya kutoka betri hadi kwenye plagi, katikati kitufe cha kengele ya mlango. Nabonyeza, plagi zinapata moto, nawasha. Naye mama Eugénie akiuliza kitufe ni cha nini, namwambia ni cha kisasa.

Waya niliutoa kwenye spika za redio yangu. Mwembamba kama tambi. Nilibonyeza kitufe. Kwa muda mfupi sana ulikuwa waya mzuri kuliko yote niliyowahi kuona: mwekundu mwanzo hadi mwisho, kama machweo yaliyonyooshwa. Kisha moshi. Kisha kitufe kikanata kwenye kidole changu.

Abei akaja na ndoo ya mchanga. Alinisogeza kwa kiwiko. Alimwaga tu, akaenda. Nilipochovya kidole kwenye maji nikamsikia anapiga simu upande wa pili wa nyumba, kwa sauti ya chini, na nikasikia jina la Epuyo. Nadhani ni habari za sufuria za harusi.

Mchana gari likawaka kwa hisani ya jua. Nimekuja nalo Kakuma moja kwa moja, lisije likazimika njiani. Nimefikia kwa rafiki yangu Manyok, mwenye duka la sukari na sabuni. Nitakaa hapa mpaka Jumamosi.

Nilikwenda kumsalimia mama Eugénie. Alikuwa ameinama kwenye cherehani, gauni jeupe limejaa chumba kama maziwa yaliyofura. Aliondoa pini mdomoni ili aniulize, na swali lenyewe nimelishika neno kwa neno.

"Papa Adome, ile motokari yako iko muzima? Uniambie kweli."

Nilisema inawaka kabla sijamaliza kukaa. Akanitazama kidole kilichofungwa kitambaa. Nikasema nilikuwa nakata nyama.

Akasema Epuyo alimpigia simu kumuuliza kama anahitaji gari. Amemwambia hapana, kwa sababu papa Adome amekwisha kutoa neno lake. Neno langu! Nilitoka mle ndani bila kuhisi ardhi. Nimetembea kando ya laga ya Tarach, ule mto wa msimu, mpaka jua likazama, na kila aliyenisalimia "ejoka" nilimjibu mara mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Siku kuu ya sayansi.

Asubuhi Manyok na wateja wake wawili walinisukuma mpaka kwa Nyaboth. Huyu ni fundi wa umeme wa magari, msichana wa Kinuer, mrefu kama nguzo, miwani myeusi, cheti chake cha chuo kimening'inia ndani ya fremu kwenye ukuta wa kontena. Hata kabla sijafungua boneti alisema ni rilei. Alieleza kwamba rilei ni kama bawabu: ukifungua ufunguo, yeye ndiye anayeruhusu umeme mkubwa upite kwenda kwenye plagi. Bawabu amekufa. Akachomoa rilei kutoka kwenye gari bovu lililokuwa hapo, akaiweka kwangu. Akaniambia niwashe huku anafuta mikono, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

Hola.

Aliondoa miwani. Nilifurahi kidogo, nakiri. Kumbe hata cheti hukosea.

"Sawa, mzee," akasema. "Sasa tunaanza mwanzo."

Mzee! Nina miaka arobaini na saba tu!

Akapima plagi moja moja kwa mita. Zote nzima. Nikasema nilijua. Kisha akachukua testa, kile kitaa kidogo chenye sindano na mkia wa waya, akanituma kwenye kiti. Kazi yangu ilikuwa kufungua ufunguo anapopiga kelele. "Fungua!" Nafungua. "Funga!" Nafunga. Akagusa mahali umeme unapoingia kwenye rilei. Taa. Akagusa unapotoka. Taa, na rilei ikalia "tak". Bawabu yu hai! Akagusa kile kibamba cha chuma kinachoziunganisha plagi zote juu ya injini.

Giza.

"Umeme unatoka hapa, kule haufiki," akasema. "Mwizi iko katikati."

Katikati palikuwa na waya mmoja tu. Mzima! Mweusi, mnene, wa heshima, kama mzee wa kanisa. Nilimwambia huo hauna kosa, hata mimi nimeufuta vumbi mara nyingi. Akaupasua kwa kisu. Ndani hapakuwa na shaba. Palikuwa na unga wa kijani, ukamwagika kwenye kiganja chake kama dawa ya mganga.

Nilimwuliza, na kitaa cha dashibodi je? Kile kilichoshuhudia? Akasema kitaa kina njia yake. Hakijui kama plagi zimepata moto. Chenyewe hukaa ndani kinahesabu tu, kikichoka kinazima.

Nikatafuta kalamu. Kiumbe kinachong'aa usoni bila kujua ndani kuna nini! Kuna mashairi humo. Nimeandika ubeti mmoja mgongoni mwa pakiti ya plagi, lakini pakiti imepeperuka.

Nyaboth akakata waya mpya, mnene. Upande wa rilei akaufunga. Upande wa kibamba akauvisha, akaanza kuweka nati. Hapo akaja mtu mbio kumwita: lori la maji limezimika katikati ya njia na watu wanangoja na mitungi. Akanipa ile nati.

"Mzee, hii moja tu imebaki. Kaza na spana namba nane. Ikilegea, umeme haipiti."

Nilikuwa nimeishika spana. Naapa, niliishika. Lakini hapo hapo mama Eugénie akapita barabarani, kifurushi cha lesi kichwani, hajakishika kwa mkono, shingo imenyooka, kitenge cha samawati kinacheza kwa upepo. Alikuwa peke yake! Nikaikaza nati kwa vidole, nikafunga boneti, nikamkimbilia. Vidole vyangu ni vya kiume. Niliikaza vya kutosha.

Nikambebea lesi mpaka kwake. Mchana nikajaribu gari. Mara moja! (Ni kweli jua lilikuwa kali. Lakini bado!)

Nimeliosha. Nimeweka kitambaa safi kwenye kiti cha mbele.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika jioni, nimevua viatu. Siku imekuwa ndefu kama treni.

Alfajiri nilimchukua mama Eugénie mlangoni kwake, nilikokuwa nimeliegesha gari tangu jana jioni. Nyota zilikuwa zinafifia moja moja. Gauni tulililaza nyuma ndani ya shuka. Manyok na watu wake wakatusukuma kwanza mpaka barabarani, maana sikutaka kulijaribu mlangoni pake, nami nikamwambia mama Eugénie kwamba hiyo ni desturi ya Waturuki... wa Turkana, nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa, desturi ya kuliaga gari. Akaketi kando yangu. Alinukia sabuni na chai ya tangawizi. Ndoto yangu yote ilikuwa ndani ya kioo kimoja. Nikafungua ufunguo. Mkia wa nguruwe ukawaka, ukazimika. Nikapiga stata.

Haikuwaka.

Nikapiga tena. Nikapiga tena. Ule moshi mweupe ukapanda taratibu mpaka ukaificha nyota ya mwisho. Nikasema linapasha. Akaniuliza linapasha nini. Nikasema lenyewe.

Kisha taa za gari zikaja kutoka upande wa Lodwar. Epuyo! Abei alimwomba Alhamisi. Dada yangu wa damu! Aliondoka nyumbani usiku ili afike "kama itahitajika". Akashuka akiwa amevaa shati jipya.

Mama Eugénie hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifungua mlango, akachukua gauni kwa mikono miwili.

"Papa Adome," akasema, "bibi-arusi hawezi kungojea motokari yako iamuke."

Epuyo aliniambia nami nipande, nafasi ipo. Nikasema nitawafuata. Mtu ana heshima yake. Wakaondoka, na taa zao nyekundu zikawa ndogo, zikawa mbili, zikawa moja, zikawa hakuna. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ndiye wa kumwingiza Akai kanisani.

Nilikimbia kwa Nyaboth. Alikuja na mswaki mdomoni. Akainua boneti, akaigusa ile nati kwa ncha ya kidole. Ikazunguka yenyewe, kama kifuniko cha soda.

"Vidole?" akauliza.

Nilivificha mfukoni. Akaikaza kwa spana, akatema povu la dawa ya meno, akaniambia niwashe. Mkia wa nguruwe. Kuzimika. Stata, hata betri ikiwa imechoka vile, nusu mzunguko tu. Injini ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya paa!

Njia ile, nikiwa peke yangu! Jua lilikuwa limepanda, vilima vya mbali vinaelea juu ya mvuke, ngamia wamesimama kama mawazo ya mtu mwingine. Nilimwendesha mama Eugénie asiyekuwepo. Nilimwonyesha vichuguu. Alicheka. Karibu niwapite wanadamu halisi waliokuwa kando ya barabara, penye laga pana: Epuyo amechuchumaa, mama Eugénie chini ya mwavuli, gauni mapajani. Pancha! Na gurudumu lake la akiba halina upepo! Epuyo, mwenye kila kitu!

Lori la makaa lilikuwa limesimama kuwasaidia. Mama Eugénie aliliangalia gauni jeupe, akalishukuru lori, likaenda zake.

Sijawahi kushuka kwenye gari kwa raha kama ile. Nilipunga mkono. Nikauliza kama wanahitaji msaada wa gari la dizeli. Mama Eugénie alitabasamu, la kweli, la meno, akasema Mungu ni mkubwa, twende. Hapo ningepaswa kwenda. Lakini Epuyo alikuwa anaiangalia injini kwa wivu, nikaona asikie jinsi inavyoanza. Nikazima. Nikawasha. Mara moja! Nikamuuliza amesikiaje. Nikazima, nikawasha tena, ili na mama Eugénie asikie upande wake. Nikazima mara nyingine, kwa sababu ya uzuri wa sauti.

Tik.

Betri. Ilikuwa imeteswa tangu alfajiri, haijapata muda wa kujaa. Tik, tik. Upepo ukapita kwenye laga. Njiwa mmoja akalia mbali sana. Mama Eugénie alifunga mwavuli wake polepole mno.

Epuyo alikuwa na nyaya za kuazimana betri. Ndiyo, alikuwa nazo. Tukayaelekeza magari pua kwa pua kama mbuzi wawili wanaosalimiana, lake likavutwa taratibu kwa gurudumu bovu, na petroli ikaamsha dizeli. Epuyo akakunja nyaya zake. Sikuizima tena.

Mama Eugénie akasema gauni limekunjwa vya kutosha, sasa lazima litandazwe juu ya magoti ya watu wawili, nyuma. Watu wawili! Kwa hiyo yeye na Epuyo walikaa nyuma bega kwa bega, gauni la harusi limewafunika wote kwa pamoja, nami nikaendesha, na kando yangu, juu ya kile kitambaa safi, tulikuwa tumeweka lile gurudumu lenye pancha. Kwenye kioo niliwaona wanazungumza. Epuyo alimsimulia kuhusu jiko na blanketi. Mama Eugénie alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono, asiguse lesi.

Tulifika saa nne ikiwa imepita sana. Abei alisimama langoni na hakunipiga. Ndani, Akai alikuwa juu ya kigoda, shanga za mama yake shingoni, macho yamevimba. Mama Eugénie alianza kazi hata kabla ya kusalimu. Pini mdomoni, magoti chini, sindano inaruka kama ndege. Nilipoitwa niingie sikumtambua mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Nilisahau Epuyo. Nilisahau hata mama Eugénie, kwa muda.

"Mjomba, ulikuwa wapi?" akaninong'oneza mlangoni pa kanisa.

Nikasema nilikuwa njiani.

"Nilidhani hutakuja. Nikawaambia wasianze. Nikasema mjomba huchelewa, lakini huja."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Lodwar, karibu na saa sita, mkono wa baridi! Niliushika kwa mikono yangu yote miwili, tukatembea hivyo, vibaya, upande upande kama kaa, mpaka mbele ya padri. Tulipofika ulikuwa umepata joto. Sikutaka kuuachia.

Jumapili, 13 Julai

Gari limewaka alfajiri. Kwa mguso! Abei alitoka na chai, akasikiliza, akarudi ndani. Naichukua hiyo kama pongezi.

Epuyo alikuwa amekwenda kuchukua kigari chake kule lagani. Kwa hiyo nani amempeleka mama Eugénie Kakuma? Mimi! Kiti cha mbele! Saa zangu mbili!

Alitazama dirishani mpaka Lodwar ikapotea nyuma. Kisha akaongea bila hasira, akitazama mbele. Aliyosema nayaweka hapa yote, maana ni muhimu.

"Papa Adome, ule ubovu wa motokari ungeniambia toka siku ya tatu, ile ulinipigia simu, tungemutafuta Nyaboth pamoja, ningeamuka mapema na kukushikia testa. Miye sitafuti motokari. Niko na miguu. Miye natafuta mutu anasema kweli hata kama ni aibu. Jana kama Epuyo hakukuya, mutoto angelia siku yake yote. Unasikia?"

Nilisema nasikia. Nilisikia kweli. Nikataka kumwambia habari ya nati na vidole, na ya nyama ambayo sikukata. Nikafungua mdomo.

Lakini yeye aliendelea. Akasema harusi imemkumbusha Uvira, kwao, ziwani. Baba yake alikuwa na mtumbwi. Asubuhi walikuwa wanatoka nao, ukungu bado umelala juu ya maji, na hajapanda chombo tena tangu akimbie vita. Wakati mwingine, akasema, akishona kitambaa cha samawati, hunyamaza tu, anasikia mawimbi.

Hapo nikasahau nilichotaka kusema. Maji! Niliendesha njia iliyobaki nikiwa naelea. Tulipofika alinishika mkono, akaushika zaidi kidogo kuliko inavyohitajika, akaniambia nifikirie maneno yake.

Nitayafikiria.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeyafikiria. Mama Eugénie anataka boti.

Nimempata mtu sokoni, Lokiru, mvuvi wa Todonyang, kule Ziwa Turkana. Anauza boti ya mbao yenye rangi ya kijani, mashine ya dizeli ndani yake. Hajaja nayo, bila shaka, lakini ameichora kwenye mchanga kwa kijiti na ni nzuri sana. Mimi nampa gari, yeye ananipa boti. Gari sasa linawaka wakati wowote, kwa hiyo amekubali haraka. Nadhani nimemzidi akili.

Nilimuuliza kama ina ubovu wowote. Akasema hapana, hata mmoja. Mashine inakataa kidogo asubuhi tu. Ikifika mchana, jua likiipiga, inawaka yenyewe, tena kwa furaha.

Nimempigia mama Eugénie sasa hivi, nikamwambia nimesikia kila neno lake na kwamba boti iko tayari. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hisia, bila shaka. Mambo ya asubuhi sikuyataja. Nani huenda ziwani asubuhi?